Saa ya Kwanza: Namna ya Kuwafundisha Walimu na Wahudumu wa Afya Kushughulikia Tuhuma za Ukatili kwa Mtoto

Mafunzo mengi ya ulinzi wa mtoto huishia kwenye orodha ya dalili. Washiriki wananakili aina za ukatili, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi vituoni. Siku moja mtoto wa darasa la nne anabaki darasani baada ya kengele ya mwisho, anasema hataki kwenda nyumbani, na mwalimu hajui aanze na sentensi gani. Anamwita mwalimu mkuu, mwalimu mkuu anampigia baba simu. Jioni hiyo mtoto ameshapata kipigo cha kusema, na kesho yake anakana kila kitu.

Mwongozo huu ni wa wawezeshaji: maafisa ustawi wa jamii, maafisa elimu kata, wauguzi viongozi na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto wanaoendesha mafunzo ya siku mbili Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Watoto ya 2011, na Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022 pamoja na fomu zake. Huko mbinu hazibadiliki, zinabadilika ngazi za kuripoti. Lengo ni moja tu: mshiriki aweze kuivuka saa ya kwanza, tangu anaposhuku mpaka taarifa inapomfikia anayehusika, bila kumwongezea mtoto hatari na bila kuharibu ushahidi. Ndiyo maana karibu nusu ya muda hapa inakwenda kwenye mazoezi ya kusikiliza na kuandika.

Hatua ya 1: Hakiki namba za simu kabla hujaandaa somo lolote

Siku tatu kabla ya mafunzo, keti na simu yako uandae karatasi moja ya mawasiliano ya kata husika. Iwe na afisa ustawi wa jamii (wa kata kama yupo, vinginevyo wa halmashauri), Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi cha karibu, mtendaji wa kata, hospitali au kituo cha afya kinachopima watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono, Kituo cha Mkono kwa Mkono (ambapo daktari, polisi na ustawi wako sehemu moja) kama kipo wilayani, na namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Piga kila namba. Usiiamini orodha ya mwaka jana, maana maafisa huhamishwa na wengine huondoka na laini zao. Ukimpata mhusika, uliza maswali yenye majibu ya kutumika: Usiku na Jumapili anapokea nani? Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU za watoto zipo leo, na duka la dawa la hospitali likifungwa ufunguo unakaa kwa nani? Askari wa dawati akiwa mahakamani, nani anashika nafasi yake? Andika majibu kwenye karatasi hiyo hiyo. Kuna kata ambazo zoezi hili peke yake huonyesha kwamba njia ya rufaa iliyochorwa vizuri ukutani haipo, na ni afadhali uligundue hilo wewe kabla ya mwalimu aliyeshika mkono wa mtoto saa moja usiku.

Hatua ya 2: Chagua watu wanaofanya kazi eneo moja

Washiriki 20 hadi 24 wanatosha. Wakizidi hapo, mazoezi ya vikundi yanakuwa kelele. Wachanganye: walimu, wauguzi na matabibu wa zahanati, watendaji wa mitaa au vijiji, matroni na patroni wa mabweni, askari wa dawati. Wote watoke kata moja au mbili zinazopakana, kwa sababu hao ndio watakaopigiana simu. Muuguzi aliyekwisha kula chakula cha mchana na askari wa dawati hampigii kama anayempigia mtu asiyemjua.

Mwalimu mkuu na mganga mfawidhi lazima wawepo, angalau siku ya kwanza. Mwalimu wa kawaida aliyefundishwa vizuri hana nguvu mbele ya mkuu wake anayesema "hili tuliongee kwanza humu ndani". Suala la posho limalizwe kwa barua kabla ya siku yenyewe, la sivyo litakula saa nzima ya asubuhi.

Wawezeshaji wawe wawili, mmoja wa afya au ustawi na mwingine wa polisi au elimu. Ongeza mnasihi mmoja ambaye hafundishi. Kazi yake ni kukaa nyuma na kumfuata mshiriki atakayetoka nje kimya kimya. Utafiti wa taifa uliofanyika mwaka 2009 na UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya wote walipigwa, kuchapwa au kuumizwa kimwili. Kwenye ukumbi wa watu 24, basi, chukulia kwamba kadhaa wamepitia hayo. Chukulia pia kwamba anaweza kuwamo aliyeyatenda, na usiruhusu kisa cha kweli kinachotambulika kisimuliwe ukumbini.

Hatua ya 3: Fungua kwa kanuni chache

Dakika 20 zinatosha. Hakuna jina la mtoto wala la shule kwenye mifano. Hakuna kurekodi. Anayehitaji kutoka atoke bila kuomba ruhusa, na chumba cha pembeni kina mnasihi, maji na viti viwili. Halafu sema waziwazi kwamba mshiriki akitaja jambo linaloonyesha kuna mtoto aliye hatarini sasa hivi, utalichukua na kuliripoti. Wengine watashtuka. Lakini ndivyo watakavyotakiwa wao kumwambia mtoto kesho, kwa hiyo wanaanza kujifunza kwa masikio yao.

Hatua ya 4: Dalili, kwa mifano inayopimika

Tenga saa mbili na nusu. Usianze na ufafanuzi wa sheria; anza na mwili wa mtoto na maelezo ya mzazi, kisha uulize: vinaoana?

Kwa alama za kuvilia damu chini ya ngozi, fundisha umri kwanza. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa wala kusimama kwa kushikilia ni nadra kuvilia damu kwa ajali za kawaida. Alama yoyote ya kuvilia damu kwa mtoto wa miezi minne au pungufu inatosha kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni ndogo kama ukucha na mama anaonekana mwema. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, angalia kiwiliwili, masikio na shingo. Ongeza ngozi laini ya shavu, pembe ya taya, kope, weupe wa jicho na kile kiuzi cha ndani ya mdomo kinachounganisha mdomo na fizi. Mtoto anayekimbia huumia magoti, miundi na paji la uso. Masikio na shingo hayajigongi hovyo. Alama yenye umbo, kama mistari miwili sambamba ya waya au fimbo, kitanzi cha mkanda, au duara la meno, ina uzito wake katika umri wowote.

Hapa rekebisha kosa la zamani linalorudiwa hata na wahudumu wazoefu: rangi ya alama haitoi tarehe. Huwezi kusema "hii ya zambarau ni ya jana, hii ya njano ni ya wiki". Andika rangi uliyoiona, acha hapo. Kwenye ngozi nyeusi rangi huenda isionekane kabisa. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa dirisha, linganisha upande wa kulia na wa kushoto, uliza panapouma.

Kwa kuungua, chora michoro miwili ubaoni. Mtoto aliyevuta sufuria ya uji akamwagikiwa ana jeraha lisilo na mpaka sawa, limeanzia juu, usoni, begani au kifuani, likapungua kadiri linavyoshuka, na lina matone pembeni. Mtoto aliyeshikiliwa ndani ya beseni la maji ya moto ana mstari ulionyooka kama soksi au glovu, miguu yote miwili sawasawa, na pengine makalio yamenusurika katikati pale yalipogusa chini ya beseni. Jeraha la sigara iliyokandamizwa ni duara lenye kipenyo cha takriban milimita 8 hadi 10, lenye kingo safi. Ugonjwa wa ngozi wenye malengelenge huweza kufanana nalo, ndiyo maana anayeamua ni daktari.

Tumia dakika 15 kwa vitu vinavyodanganya. Alama za bluu za kuzaliwa mgongoni na makalioni, ambazo watoto wengi wa Kiafrika wanazo, zimewahi kuitwa vipigo mahali pengi. Kuna chale, alama za kuumikwa, mkwaruzo wa kamba ya hirizi. Weka picha mbili za namna hiyo katikati ya zile za ukatili, bila kuwatahadharisha washiriki. Wataangukia humo, nao watakuwa waangalifu zaidi kuliko ukiwaeleza kwa maneno.

Kwa ukatili wa kingono, sisitiza jambo ambalo kesi nyingi hufia: mtoto kukutwa hana jeraha sehemu za siri hakuthibitishi kwamba hakufanyiwa kitu. Watoto walio wengi waliofanyiwa ukatili huu hukutwa na maumbile ya kawaida wanapopimwa, kwa sababu vitendo vingi haviachi jeraha na sehemu hizo hupona haraka. Anayeandika "bikira ipo, hakuna kilichotokea" ameandika jambo lisilo na msingi wa kitabibu. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kipimo hicho kikomeshwe mwaka 2018. Upande wa pili, kisonono kwa mtoto ambaye hajabalehe na si mchanga ni dalili nzito mno, wakati fangasi peke yake si dalili.

Tabia huzungumzwa mwisho, na kwa tahadhari. Kukojoa kitandani upya, kushuka ghafla darasani, kuogopa mtu fulani au kwenda nyumbani, kujua mambo ya kingono yaliyozidi umri: yote hayo yanaweza kutokana na msiba au njaa. Usiruhusu washiriki watoke na hesabu ya "dalili tatu ndio ukatili". Swali ni badiliko: mtoto huyu alikuwaje muhula uliopita? Katika maeneo ya ukeketaji, kama baadhi ya wilaya za Mara, badiliko hilo hutafutwa kabla ya likizo ya Desemba, msimu wa kukeketa unapokaribia.

Mjadala wa viboko utaibuka tu. Upe dakika kumi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinataka visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza mateso na adhabu za kikatili. Mtoto mwenye mistari mgongoni na asiye kwenye kitabu cha adhabu ni wa kuripotiwa, aliyemchapa awe mzazi au mwalimu mwenzako.

Hatua ya 5: Kusikiliza

Hili ndilo somo lenyewe. Lipe saa tatu, na usikubali likatwe ili mgeni rasmi afunge mapema.

Gawa washiriki watatu watatu: mmoja mtoto, mmoja mtaalamu, mmoja mtazamaji. Mtoto huigizwa na mtu mzima siku zote; usilete mwanafunzi. Anayeigiza hupewa kadi isiyoonekana na wenzake. Kwenye kadi andika hivi: "Una miaka kumi. Anayekufanyia ni mjomba. Ukiulizwa swali la ndiyo au hapana, jibu *ndiyo*. Ukiambiwa ueleze, eleza kidogo kidogo. Ukikaripiwa, nyamaza." Katika duru ya kwanza nusu ya vikundi vitapata mtuhumiwa asiye sahihi. Mshiriki atauliza "Ni baba, eh?", mtoto atajibu ndiyo, na familia nzima itakuwa imeingizwa matatani kwa swali moja. Soma kadi kwa sauti baada ya zoezi. Ukumbi hunyamaza, na hutahitaji kuhubiri zaidi kuhusu maswali ya kumwelekeza mtoto.

Kisha wawezeshaji wawili waonyeshe mazungumzo yaliyokaa sawa:

— Mwalimu, leo sitaki kwenda nyumbani.
— Nimekusikia. Hebu niambie, kuna nini nyumbani?
— Anko ananifanyia tabia mbaya.
— Umefanya vizuri kuniambia. Hiyo tabia mbaya, nieleze ikoje.
— *(kimya)*
— Usijali, chukua muda wako.
— Ananivua nguo usiku.
— Mara ya mwisho ilikuwa lini?
— Juzi. Siku ya mpira.
— Na sasa hivi anko yuko wapi?
— Nyumbani. Mama yuko kazini mpaka usiku.
— Asante, mwanangu. Hukufanya kosa lolote. Hili siwezi kulibeba peke yangu. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kuwalinda watoto. Leo huendi nyumbani mpaka tujue uko salama.

Simama hapo uwaonyeshe mwalimu amepata nini: kimetokea nini, nani, lini mara ya mwisho, na mtu huyo yuko wapi sasa. Vinne hivyo vinatosha kuamua usalama na matibabu. Akishavipata, anaacha kuuliza. Maelezo kamili yatachukuliwa mara moja na afisa ustawi au askari aliyefunzwa. Kila mtu mzima anayerudia kumhoji mtoto anamfanya abadilishe maneno, na wakili wa utetezi atayapanga maneno hayo mstari kwa mstari.

Makosa yatakayojirudia ni yale yale. La kwanza ni kuahidi siri: "sitamwambia mtu". La pili ni "kwa nini": kwa nini hukupiga kelele, kwa nini hukusema mapema. Mtoto husikia lawama. La tatu ni uso wa mtaalamu. Anayeshtuka au kulia humfunga mtoto mdomo. La nne, ambalo huwapata zaidi waliokomaa kiroho, ni kuanza kuomba naye pale pale. Mwenye imani aombe baadaye, akiwa peke yake.

Ukimya unahitaji zoezi lake. Waambie wanaocheza wataalamu wahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Wengi hawafiki nne.

Kwa mtoto kiziwi au mwenye ulemavu mwingine wa mawasiliano, mkalimani asiwe ndugu wala jirani. Weka jina la mkalimani wa lugha ya alama kwenye karatasi ya hatua ya 1. Kama wilaya haina, ndiyo sababu ya kupiga 116 na kuomba msaada mapema.

Hatua ya 6: Kuandika

Mara baada ya zoezi, kila mtazamaji na mtaalamu waandike walichosikia, dakika 15, bila kuulizana. Linganisha karatasi. Mmoja atakuwa ameandika "mtoto amebakwa na mjomba wake". Mtoto hakusema hivyo. Alisema "ananivua nguo usiku" na "tabia mbaya". Kubakwa, kulawitiwa na shambulio la aibu ni makosa tofauti kisheria, na anayechagua lipi ni lipi ni mwendesha mashtaka. Kumbukumbu nzuri ina tarehe na saa, waliokuwepo, maneno ya mtoto ndani ya alama za kunukuu, maswali aliyoulizwa (ndiyo, na yako pia), hali yake ya mwili na uso, kisha ulimpigia nani na saa ngapi.

Saa ziandikwe kwa ukamilifu. "Saa nane" haitoshi: saa nane mchana au usiku? Fomu nyingi za hospitali hutumia mfumo wa saa 24, na muuguzi anayesoma haraka anaweza kukosea kwa saa nyingi. Pale mtoto anaposema "siku ya mpira", andika hivyo hivyo, kisha pembeni weka tarehe uliyoipata kwa kuuliza mtu mwingine mechi ilichezwa lini.

Majeraha yachorwe kwenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma, kwa sentimita. Toa rula kwa kila kikundi. Picha za simu zikatazwe kabisa kwa walimu na watendaji. Picha ya mtoto aliyevuliwa nguo, hata iliyopigwa kwa nia ya ushahidi, inaweza kumwingiza aliyeipiga matatani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ikiingia kwenye grupu la WhatsApp la walimu haitarudi. Karatasi ya kwanza, hata kama imechafuka, isitupwe wala kunakiliwa upya kwa mwandiko mzuri. Ikae kwenye droo yenye kufuli, mbali na daftari la nidhamu.

Hatua ya 7: Kuripoti, kwa mpangilio wa hatari

Soma ukumbini kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009: mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kifungu hakisubiri uhakika. Mwalimu si mpelelezi, na kuendelea kuchunguza ili "tusimwonee mtu" ndiko kunakompa mtuhumiwa muda wa kuhamisha mtoto.

Kisha wape mpangilio huu wa kufanyia kazi. Mtoto yuko hatarini sasa, anatoka damu, au tukio la kingono lina chini ya saa 72: simu ipigwe pale pale, polisi na afisa ustawi kwa pamoja, na mtoto apelekwe hospitali. Anarudi kwa mtuhumiwa jioni: taarifa ifike kabla ya shule kufungwa siku hiyo. Mengine, kama utelekezaji wa muda mrefu: ndani ya saa 24, kwa maandishi na kwa simu. Mtoto wa miaka 13 anayefanya kazi za ndani aingie hapa hata kama hana alama, kwa kuwa sheria haimruhusu kuajiriwa kabla ya miaka 14. Akiwa na majeraha, anapanda daraja.

Saa 72 zielezwe kwa hesabu. Ukatili uliotokea Jumapili saa tatu usiku unafikia ukomo Jumatano saa tatu usiku. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya muda huo, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Zinatumiwa siku 28. Kwa msichana aliyeanza kubalehe, dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120. Zikipita zote, bado apelekwe: yapo magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini, ujauzito na unasihi.

Fomu ya PF3, ambayo majeruhi huenda nayo hospitali ili daktari aijaze, hutolewa polisi, lakini matibabu ya dharura hayaisubiri. Hapa mfanye mganga mfawidhi na askari wa dawati wakubaliane mbele ya wote namna fomu itakavyomfuata mtoto hospitali badala ya mtoto kuifuata kituoni. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wako sehemu moja na tatizo hili linapungua.

Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa. Nguo zisifuliwe, kila moja iingie kwenye mfuko wake wa kaki au bahasha ya karatasi, kwa sababu kwenye plastiki unyevu huotesha ukungu na kuharibu vielelezo. Beba mifuko kumi ya kaki ukumbini na uwafanye wafunge, waandike tarehe, watie saini kwenye ukingo. Mambo haya husahaulika yakisomwa tu.

Hatua ya 8: Shinikizo

Mchana wa siku ya pili ugawe kadi za hali ngumu. Bibi anakuja shuleni: "Mwalimu, haya ni mambo ya ukoo, tumeshayamaliza." Mama anasema mumewe akifungwa nani atalipa kodi. Mwenyekiti wa mtaa ni rafiki wa mtuhumiwa. Mtuhumiwa ni mwalimu wa shule hiyo hiyo, na mkuu anapendekeza ahamishwe kimya kimya.

Wafanye mazoezi ya majibu mafupi, yenye adabu. "Shikamoo bibi. Nimekuelewa, ila sheria imenitaka nitoe taarifa na nimeshaitoa. Afisa ustawi atakuja kuzungumza na familia." Sentensi iliyo kwenye wakati uliopita hupunguza ubishi, hakuna cha kumshawishi mtu aliyekwisha kuripoti. Kwa mama, jibu si sheria bali msaada: mtaje afisa ustawi na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, kisha mpigie mbele yake. Mwenyekiti akiwa kikwazo, taarifa ipande kwa mtendaji wa kata, halmashauri au 116. Na anayedai kesi haitafika popote bila shahidi mwingine ajibiwe kwamba Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kutia hatiani katika makosa ya kingono kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kuwa anasema kweli. Ndiyo maana maneno yake ya kwanza yanatunzwa hivyo.

Hatua ya 9: Pima kwa vitendo, kisha rudi

Mtihani wa karatasi hupima kumbukumbu. Badala yake, kila mshiriki apite kwenye meza moja kwa dakika sita: mtoto wa kuigiza, karatasi, simu. Mtazamaji ana orodha ya mambo manane. Matatu kati yake hayana msamaha: hakuahidi siri, hakutaja jina la mtuhumiwa kabla ya mtoto, alimpigia mtu sahihi. Aliyeshindwa moja kati ya hayo anarudia zoezi siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki sita rudi kwenye kata hiyo kwa nusu siku. Piga tena namba zote za karatasi ya mawasiliano mbele ya washiriki na ufute zilizokufa. Omba kumbukumbu tatu zilizofichwa majina, zisomwe kwa pamoja: maneno ya mtoto yamo? Saa zimekamilika? Taarifa ilichukua muda gani kufika? Rudia miezi mitatu baadaye, na safari hiyo muulize afisa ustawi amepokea taarifa ngapi kutoka kwa hawa kabla na baada ya mafunzo. Mara nyingi idadi hupanda, na wakubwa wilayani huweza kusoma hilo kama ukatili kuongezeka. Waeleze mapema, kwenye ripoti ya mafunzo, kwamba kupanda kwa taarifa ndiko kulikotarajiwa, na waombe bajeti ya mafuta ya gari la ustawi ilingane na hilo.